Wimbo ni wa nani? Tufungue fundo la Torn, Salome na Malaika

Kila baada ya muda inaibuka klipu kwenye magrupu ya WhatsApp na kule TikTok inayosema yule dada wa Australia, Natalie Imbruglia, "aliiba" ule wimbo wake wa Torn, na hapa Mwanza nayo ishafika hadi vijiweni. Itaje tu pale Kirumba au ndani ya bajaji ya kwenda Nyegezi uone moto wake, mmoja atakwambia wimbo ni wa Denmark, mwingine atasema Norway, mwingine kasoma sehemu kwamba ni wa bendi ya Marekani, halafu kijana wa nyuma anadakia mbona hata Diamond kamchukulia Saida Karoli, na mzee aliyekuwa kimya muda wote anamalizia na Malaika, basi hapo ishakuwa Kenya na Tanzania, hakuna tena anayemsikiliza mwenzake.

Ninavyoona mimi ubishi wote huu una ugonjwa mmoja. Watu wanauliza "wimbo huu ni wa nani" wakidhani ni swali moja, kumbe ndani yake kuna maswali manne yamefungwa kamba moja: nani aliutunga, nani aliurekodi wa kwanza, nani aliufanya uvume, na jina la nani liko kwenye karatasi. Wimbo mmoja unaweza kuwa na watu wanne tofauti kwenye majibu hayo na wote wakawa hawajaibiana hata shilingi.

Tuanze na maneno yenyewe maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Utunzi ni melodi na mashairi, kitu ambacho unaweza kukiimba ukiwa unaoga bila kifaa chochote. Rekodi ni sauti iliyonaswa siku fulani na mtu fulani, studio au popote pale. Hivi ni vitu viwili na kila kimoja kina mwenyewe. Fikiria mama anaenda kwa fundi akiwa na picha ya mshono kwenye simu, fundi wa Makoroboi anamshonea kwa kitenge, jirani yake anaupeleka mshono uleule kwa fundi wa Igoma anashonewa kwa satini, magauni yanatoka mawili na hayafanani hata kwa rangi lakini mshono ni mmoja na kuna mtu aliyeubuni. Mshono ndio utunzi, gauni ndio rekodi. Shika hapo tu, yaliyobaki yote yatakaa sawa.

Sasa mtu akiimba upya wimbo uliotungwa na mwingine, hiyo inaitwa kava, amechukua mshono akashona gauni lake. Akikata kipande cha rekodi yenyewe, ile sauti ya mwanzo kabisa, akakibandika kwenye wimbo wake, hiyo ni sampo, na hapo amegusa vitu viwili kwa mpigo, utunzi na rekodi, ndio maana kibali chake huwa na mizunguko zaidi. Mrabaha ni ile hela inayomfuata mwenye haki kila kazi yake inapopigwa au kuuzwa. Sheria yetu ya mwaka 1999 inaitwa ya Hakimiliki na Hakishiriki, na watu huyasoma maneno hayo mawili kama vile ni kitu kimoja kimerudiwa kwa mbwembwe, kumbe hakimiliki ndio ya mtunzi, na hakishiriki ndio ya wanaoupeleka wimbo kwa watu: mwimbaji, mtayarishaji wa rekodi, kituo cha utangazaji.

Haya, turudi kwa Torn. Kama jina halikukumbushi kitu, utafute uusikilize, ni ule wimbo wa gitaa jepesi uliopigwa sana redioni kuanzia mwisho wa mwaka 1997, kwenye video kuna dada wa nywele fupi yuko ndani ya nyumba na jamaa, na nyumba yenyewe baadaye inaonekana ni seti tu ya kuigizia. Uingereza ulifika namba 2 na ukauza zaidi ya nakala milioni moja. Marekani ilikuwa kichekesho kidogo, redio zilikuwa zinaupiga kupita kiasi lakini kwenye chati kubwa ya Hot 100 rekodi inaonyesha uliishia namba 42, sababu chati hiyo kwa wakati ule haikuhesabu wimbo ambao haujauzwa dukani kama singo, kanuni ilipobadilishwa mwisho wa 1998 wimbo ulikuwa umeshaanza kupoa.

Waliotunga ni watu watatu. Scott Cutler na Anne Preven, Wamarekani, ambao baadaye walikuwa na bendi inaitwa Ednaswap, na Phil Thornalley, Mwingereza ambaye aliwahi kupiga besi kwenye bendi ya The Cure. Waliutunga kwa Kiingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na majina hayo matatu ndiyo yaliyoandikwa kwenye wimbo mpaka leo, hakuna aliyekuja kudai vingine akasikilizwa.

Sasa sikiliza mambo yalivyokwenda. Mwaka 1993 mwimbaji wa Denmark, Lis Sørensen, akaurekodi kwa Kidenmark kwa jina la Brændt, mashairi yakiwa yamegeuzwa na mtu wa huko huko, na ukavuma kwao. Mwaka 1995 ndio Ednaswap, yaani bendi ya watunzi wenyewe, wakautoa kwenye albamu yao ya kwanza, gitaa zito, mwendo wa polepole, Preven anaimba kama mtu aliyetoka kulia, haukwenda popote sokoni. Mwaka 1996 Trine Rein, dada wa Norway mzaliwa wa Marekani, akautoa kwa Kiingereza ukiwa mwepesi zaidi na ukafanya vizuri Norway. Halafu 1997 ndio Natalie, ambaye Waingereza na Waaustralia walikuwa wanamjua kama muigizaji wa tamthilia ya Neighbours, akaingia nao studio.

Umeona fundo lilipo? Rekodi ya kwanza kutoka sokoni ni ya Kidenmark, kwa hiyo mtu akifungua mtandaoni akaona 1993 Denmark, 1995 Marekani, 1996 Norway, 1997 Uingereza, anapiga hesabu ya haraka kwamba mwenye wimbo ni yule wa 1993. Hesabu hiyo ni ya uongo. Tarehe ya rekodi inakuonyesha gauni la kwanza lilishonwa lini, haikuonyeshi mshono ulibuniwa lini wala na nani. Wimbo ulikuwepo tayari kwa Kiingereza, Kidenmark ndio tafsiri. Na wala si ajabu mtu mwingine kurekodi kabla ya mtunzi, biashara ya muziki kule ina kampuni ambazo kazi yake ni kuchukua nyimbo za watunzi na kuzitembeza kwa waimbaji wa nchi mbalimbali, demo, yaani rekodi ya majaribio, inafika mezani kwa mtu Copenhagen wakati mtunzi mwenyewe Los Angeles bado hana hata mkataba wa albamu.

Na kwa wale wa "Natalie aliiba", kuna jambo moja klipu zile huwa hazisemi. Prodyuza aliyekaa naye studio kuutengeneza ule wimbo ni Phil Thornalley. Huyohuyo mmoja wa watunzi watatu. Sasa unamwibiaje mtu ambaye ndiye amekushikia kiti studio na anakuelekeza uimbe vipi? Kwa kila nakala iliyouzwa yeye na wenzake wawili wana mgao wao wa utunzi, Natalie na lebo yake wanakula upande wa rekodi. Lis Sørensen hapati kitu kwa rekodi ya Natalie na wala hajaonewa, gauni lake yeye ni lile la 1993 na anakula kupitia hilo.

Ila naelewa watu wa wakati ule walivyojisikia. Yule dada aliuimba kama vile yaliyoimbwa yamemkuta jana usiku, watu wakajua ni maisha yake, sasa kuja kuambiwa kuna watu watatu hawajawahi kuwaona ndio walioandika wakajiona wametapeliwa. Mimi hapo siwaungi mkono. Kuimba ni kazi. Wimbo huohuo ulikaa miaka kadhaa mikononi mwa watunzi wake wenyewe, dunia haikuujua mpaka alipoupata mwenye sauti yake.

Tuje kwetu ziwani. Saida Karoli, mzaliwa wa Bukoba, alitoa albamu ya Maria Salome mwaka 2001, anaimba Kihaya na ngoma inapigwa kwelikweli, watu ambao Kihaya hawajui hata salamu walikuwa wanaimba mwanzo mwisho, kuanzia meli ya Bukoba mpaka harusi za Buhongwa. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakatoa Salome, uliotokana na huo wa Saida, na mtoto aliyezaliwa kipindi kile ukimpigia ule wa mwanzo leo atakwambia "huyu mama amemuiga Diamond". Ni kisa cha Torn kilekile, aliyeufanya uvume kwa kizazi kipya anachukuliwa ndio mwenye wimbo.

Hapa kuna imani moja imeota mizizi sana kwa vijana wa studio, kwamba ukibadilisha maneno wimbo unakuwa wako. Hapana. Ukiwa umebeba melodi ya mtu bado umebeba utunzi wake, hata ukiimba Kichina. Mtafsiri ana haki kwenye yale maneno aliyoyaandika yeye, lakini ile haki imekaa juu ya haki ya mtunzi, haiifuti, ndio maana Brændt ina maneno ya Kidenmark na mshairi wake wa Kidenmark lakini Cutler, Preven na Thornalley bado wamo. Na ile nyingine ya "sekunde saba tu haina shida", sijui ilianzia wapi, sheria haina mita ya sekunde. Kwa upande wa pili, kufanana siyo lazima iwe wizi, mpangilio wa gitaa au mdundo wa singeli ni wa wote, huwezi kwenda kumshtaki mtu kwa sababu ngoma yake inakwenda kasi kama ya kwako.

Sasa Malaika. Huu ndio mgumu, na nimeuacha huku chini makusudi kwa sababu bila kuielewa Torn mtu hawezi kuubishania vizuri.

Upande wa Kenya yupo Fadhili William, mtu wa Taita, aliyeurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa na bendi ya Jambo Boys, na baadaye tena kwa studio ya Equator Sound ya Nairobi. Jina lake ndilo linaloandikwa kama mtunzi kwenye rekodi nyingi. Upande wa Tanzania yupo Adam Salim, ambaye alidai aliutunga miaka ya 1940 akiwa anaishi Nairobi, kwa ajili ya binti aliyempenda ambaye wazazi wake hawakumtaka yeye. Na si hao tu, wapo wanaomtaja Lucas Tututu wa Mombasa, wapo wanaomtaja Grant Charo. Juu yake kuna waliouvumisha duniani ambao wala hawahusiki na utunzi: Miriam Makeba, aliyeuimba na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya 1965 iliyochukua tuzo ya Grammy, bendi ya Sweden ya Hep Stars mwaka 1967 ambamo alikuwemo Benny Andersson kabla hajawa mtu wa ABBA, Boney M mwaka 1981, Angélique Kidjo mwaka 1991. Kuna watu Ulaya wanajua kabisa kwamba Malaika ni wimbo wa Afrika Kusini kwa sababu tu walimsikia Makeba.

Wakenya wengi hoja yao kubwa ni kwamba Fadhili ndiye wa kwanza kurekodi. Kwa tulichoona kwa Torn, hoja hiyo peke yake haitoshi, maana Lis Sørensen naye alikuwa wa kwanza kurekodi na hakutunga neno hata moja la Kiingereza. Lakini Watanzania msishangilie mapema. Hoja ya kwamba Adam Salim alitaja mwaka wa nyuma zaidi nayo haitoshi, kwa sababu kwenye Torn ule utunzi wa kabla ya rekodi haukubaki kuwa simulizi, kuna majina matatu yaliyoandikwa tangu mapema na hakuna anayeyapinga, na kwenye Malaika utunzi wa miaka ya 1940 umebaki kwenye maneno ya aliyedai. Hiyo haina maana kwamba alidanganya. Miaka ile kijana wa Kiafrika anapiga gitaa Nairobi angeupeleka wapi wimbo ukaandikwe? Nyimbo zilitembea kwa mdomo, unaimbwa kwenye dansi leo, kesho mwingine anaondoka nao mji mwingine anaongeza beti, na mwenye studio alipokuja aliandika jina la aliyesimama mbele ya maikrofoni.

Msimamo wangu, kwa sababu najua nitaulizwa: Fadhili William anastahili heshima ya rekodi bila ubishi, ile sauti ni yake na bila ile Makeba na wenzake huenda wasingekuwa na cha kuimba. Utunzi mimi siufungi. Anayekwambia ana uhakika, awe wa upande huu wa mpaka wa Namanga au ule wa pili, muulize anajibu lipi kati ya yale maswali manne, tisa kwa kumi utakuta anajibu swali la rekodi huku anadhani amejibu la utunzi.

Usidhani pia kwamba bila karatasi hakuna mtunzi. Sisi Wasukuma tuna ushahidi wa hilo. Kwenye ngoma za Bagika na Bagalu, zile zinazoshindana Bujora kule Kisesa wakati wa Bulabo, sikukuu yetu ya ngoma, kila kundi lina ningi wake, ndiye anayetunga na kuongoza, na uwanja mzima unajua wimbo huu wa kumponda mpinzani ni wa ningi gani, mwingine akithubutu kuuimba kama wake atazomewa hapohapo. Hiyo ni hakimiliki ya midomo ya watu na inafanya kazi vizuri tu, mpaka pale wimbo unapotoka nje ya wale wanaomjua mwenyewe. Ukishaingia redioni, ukaenda Dar, ukaenda Ulaya, ile jamii ya mashahidi haipo tena, inabaki karatasi. Malaika ulitoka nje ya mashahidi wake mapema sana. Na kijana anayekwenda Bujora na simu, anarekodi ngoma, anarudi studio anaitengenezea biti na kusema ni "ya asili, haina mwenyewe", ajue kwamba sheria ina sehemu inayozungumzia sanaa za jadi kabisa, na kwamba nyingi ya hizo anazoziita za asili zina mtu aliyetunga na huenda bado analima pamba yake Magu.

Watu wengine wataniambia basi suluhisho ni kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, asiyesajili hana haki. Nayo ni nusu ya kweli. Haki inazaliwa pale unapotunga, usajili ni ushahidi, unakusaidia siku ya kesi. Voisi nouti uliyomtumia mwenzio ukiwa unaimba korasi, yenye tarehe yake, nayo ni ushahidi. Daftari la mashairi pia. Na kinachowatesa zaidi wasanii wa hapa Mwanza kuliko wizi wa wazi ni kukaa studio watu wanne, mmoja ana korasi, mmoja ana vesi, prodyuza ana biti na ameongeza melodi ya kinanda, kila mtu anaondoka anajua wimbo ni wake, hakuna aliyeandika hata mstari mmoja wa nani amefanya nini. Wimbo ukibuma hakuna shida. Ukilipa ndio mnatafutana.

Kuna wanaosema haya yote ni ubishi wa heshima tu, marehemu ashakufa, tuimbe tufurahi. Hapana, kuna hesabu ndani yake. Kwa sheria yetu utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa, na kama ni watunzi kadhaa waliotunga pamoja, inahesabiwa kutoka kwa wa mwisho kufariki. Torn kwa hiyo iko mbali sana, itasubiri watu watatu. Fadhili William alifariki mwaka 2001, ikiwa ndiye mtunzi, Malaika unalindwa mpaka mwaka 2051, na mpaka hapo anayetaka kuurekodi upya kibiashara ana mtu wa kumuomba na kumlipa. Ikiwa mtunzi ni mwingine, tarehe inabadilika, na familia ya kulipwa nayo inabadilika.